Tangi la Shaba kutoka Katuba

Kutoka Lubumbashi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi, na mwendesha pikipiki akizimaliza salama, safari iliyobaki mpaka Lusaka humwia nyepesi. Hii ni Barabara ya Kitaifa namba 1, na ndiyo njia ya shaba. Malori yanayotoka yamebeba mabamba ya shaba yaliyokazwa kwa mikanda ya chuma na magunia makubwa ya kobalti. Yanayoingia yamebeba salfa, chokaa, dizeli na unga wa mahindi wa Zambia, ambao ndio bukari, ugali wa nyumba nyingi za kwetu. Malori ya asidi yana adabu yake: huyakaribii, huyafuati kwa nyuma, na ukipata nafasi unayapita mara moja na kuyaacha mbali.

Tuliondoka mwanzoni mwa Julai, siku chache baada ya sikukuu ya uhuru wa Kongo ya tarehe 30 Juni, alfajiri, saa ambazo baridi ya kiangazi cha Katanga inauma vidole hata ndani ya glavu. Nchini Zambia, Jumatatu ya kwanza ya Julai na Jumanne inayoifuata ni mapumziko, Siku ya Mashujaa na Siku ya Umoja. Waendesha pikipiki wa Lusaka walikuwa wamezitumia siku hizo kuwaita wenzao wa nchi jirani kwenye shamba moja nje ya mji, upande wa Leopards Hill. Sharti lilikuwa moja tu: njoo na pikipiki iliyobadilishwa na mkono wa mtu. Iwe imekatwa, imeungwa, imenyooshwa, imepewa sura ambayo kiwanda hakikuijua.

Kundi letu lilikuwa la mchanganyiko. Walikuwamo wenye BMW za GS na Honda Africa Twin, watu wa biashara na wa migodi, waliozoea kwenda mbali. Alikuwamo daktari mwenye Yamaha Ténéré ya zamani. Alikuwamo kijana wa wewa, anayebeba abiria kila siku kati ya mjini na komini ya Kenya kwa TVS yake, aliyekuwa hajawahi kuvuka mpaka wowote. Na alikuwamo fundi wa kuchomelea kutoka Katuba, ambaye sote tunamwita Yaya, yaani kaka mkubwa, kwa umri wake na kwa kazi yake. Yeye ndiye aliyepanda pikipiki tuliyoipeleka Lusaka. Sisi wengine, pamoja na injini zetu kubwa, tulikuwa wasindikizaji.

Pikipiki hiyo ilitoka kiwandani ikiwa Yamaha AG 100. Aliyekulia vijijini kwetu anaijua: mabebeo ya chuma mbele na nyuma, kasha linalofunika cheni yote isiguswe na vumbi, stendi mbili, moja kila upande, ili isimame popote. Mapadri waliipanda, mabwana shamba waliipanda, wauguzi wa zoni za afya walifunga makasha ya chanjo nyuma yake wakaingia porini. Injini ni ya mipigo miwili, ya sentimita za ujazo 97 tu. Daktari wetu aliianza kazi yake juu ya pikipiki ya aina hii, miaka ambayo barabara za zoni yake zilikuwa vijia vya baiskeli. Alipoiona moja imelala nyuma ya ghala, imekwama injini na kuota majani, aliinunua akaipeleka Katuba. Alimwambia Yaya maneno machache: ifanye uonavyo, ila isipoteze roho yake.

Nilipita mara kwa mara kwenye karakana wakati wa kazi. Ni ua wa nyumba, paa la bati upande mmoja, mashine ya kuchomelea iliyosukwa upya waya wake mara nyingi, na meza ya chuma kizito iliyowahi kuwa sehemu ya mtambo mgodini. Yaya aliikata fremu nyuma ya injini, akaunga mabomba mapya yanayokwenda moja kwa moja mpaka kwenye ekseli ya nyuma, bila shokapu. Kiti akakishusha, akakiwekea springi mbili za tandiko la baiskeli ya kizamani, zile nene. Madigadi ya mbele akayaondoa, ya nyuma akayapunguza mpaka yakabaki ya kuzuia matope tu. Shingo ya fremu, pale usukani unapokaa, hakuigusa kabisa, na sababu yake niliielewa vizuri tulipofika mpakani.

Tangi ndilo lililonishika. Yaya alikuwa na bamba jembamba la shaba, na alikuwa akiligonga kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Shaba ukiigonga inakuwa ngumu, na ukiilazimisha inapasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda alilipasha bamba kwa moto wa gesi mpaka likaiva wekundu hafifu, kisha akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Feleji ukiifanyia hivyo inakakamaa, shaba inalainika. Ikatoka nyeusi kwa masizi, laini, inakunjika kwa vidole, naye akaanza upya. Gonga, pasha, tumbukiza, gonga. Mgongo wa tangi ulikuwa unapanda taratibu kutoka kwenye bamba lililokuwa bapa, na hapakuwa na kielelezo chochote mbele yake ila kiganja cha mkono wa kushoto, alichokuwa akikipitisha juu ya shaba kila mara akitafuta pasipo sawa.

Nilimwuliza kwa nini asitengeneze tangi zima la shaba. Akacheka kidogo. Petroli na shaba hazikai pamoja, alisema. Petroli ikilala ndani ya shaba inafanya ulimbo, na ulimbo unaziba kabureta. Kwa hiyo ndani lipo tangi la chuma, dogo, lenye viungo vilivyojaribiwa kwa maji na upepo, na shaba ni vazi lake. Kazi hii ya kugonga shaba kwetu si ngeni. Wageni wanaopita Lubumbashi hununua picha za shaba iliyogongwa, wakazitundika ukutani. Yaya aliifanya ile kazi ya picha akiwa kijana, kabla ya kuhamia kwenye kuchomelea, na sasa vitu hivyo viwili vilikutana chini ya bati lake.

Ubavuni mwa tangi aligonga msalaba wa Katanga, ule wenye mikono minne inayopanuka kwenye ncha. Karne nyingi kabla ya Mbelgiji yeyote kufika, misalaba ya shaba ya namna hiyo ilikuwa mali na fedha ya watu wa sehemu hizi, ikitolewa mahari na kununulia bidhaa; imechimbuliwa kwenye makaburi ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, ikiwa imezikwa pamoja na wenyewe. Kisha ikaja kampuni ya migodi ya Kibelgiji, Union Minière, mwaka 1906, mji ukafuata 1910, na tangu hapo kila kizazi cha Lubumbashi kimetoa watu wa kuyeyusha, kuchonga, kupinda na kuunga chuma. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ilipoporomoka miaka ya 1990, na tena mwaka 2003 ilipoanza kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliodhaminiwa na Benki ya Dunia, ujuzi ule haukufa. Ulihamia nyuani, Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi. Yaya ni mtoto wa mmoja wa watu hao. Kalipa ya kupimia unene aliyonayo mfukoni ilikuwa ya baba yake.

Nasema haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nipande pikipiki asubuhi ile. Nimewasikia watu wengi wa mjini kwetu wakimwita mtu kama Yaya mtu wa kubahatisha, wa kuunganishaunganisha, kwa kuwa hana duka lenye kioo wala cheti ukutani. Nilitaka kazi yake ikasimame mahali ambapo watu wanajua kuitazama.

Kasumbalesa tulifika jua likiwa limepanda. Foleni ya malori ilikuwa ndefu kama kawaida yake, na pikipiki hupita pembeni, katikati ya wauza maji, wabadilisha fedha na akina mama wenye sufuria za maharagwe. Madereva wengi wa malori hayo wametoka Dar es Salaam. Wamepanda Tunduma, wamevuka Zambia nzima, wamefika kwetu, na sasa wanasubiri kurudi. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kandambili miguuni na kikombe cha chai mkononi, alilizunguka tangi la shaba mara mbili bila kusema kitu. Mwishowe akamwuliza Yaya, "Shikamoo mzee. Hii mmeiagiza wapi?"

"Marahaba. Hapana kuagiza. Njo mimi nilifanya, ku Katuba," Yaya akajibu, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

Dereva akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo ambapo mabamba mawili ya shaba yamekutana, akautafuta mshono, akaukosa. "Mzee, wewe una mkono," akasema, akawaita wenzake. Kwa muda wote tuliokuwa tukingoja mihuri, Yaya alikuwa na darasa la madereva wa Kitanzania, kila mmoja na swali lake: uzito, mafuta inakula kiasi gani, inafika kweli Lusaka? Maneno yalipishana hapa na pale, lakini habari ya chuma ilieleweka yote.

Upande wa karatasi tulikuwa tumejiandaa: pasipoti, kadi za chanjo ya homa ya manjano, hati za pikipiki, bima ya kadi ya manjano ya COMESA inayotambulika nchi zote mbili. Lakini hati ya pikipiki ya Yaya ilisema Yamaha AG 100, na iliyokuwa imesimama mbele ya dirisha haikufanana na AG 100 hata kidogo. Ofisa wa upande wa Zambia, kijana mtulivu, alitoka nje kuitazama. Yaya akachuchumaa, akafuta vumbi kwenye shingo ya fremu kwa kitambaa, na namba ikatokea, ileile ya kwenye hati, imegongwa na kiwanda, haijaguswa na tupa. Ofisa akaisoma tarakimu moja moja, akasimama, akagonga muhuri. Mafundi wanaoanza kazi hii kwetu heri walijue jambo hilo mapema: kata utakapo, lakini shingo yenye namba iache ilivyo, maana bila hiyo umejenga kitu kisichovuka mpaka.

Mpaka wenyewe umefuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Mvua inayonyesha upande wetu huteremka kwenye mto Kongo mpaka Atlantiki. Inayonyesha hatua chache kusini huingia Kafue, kisha Zambezi, ikaishia Bahari ya Hindi. Ukiwa umepanda pikipiki huoni mlima wala bonde, ni miti ya miombo pande zote. Unachokihisi ni kwamba barabara imegeuka upande. Kongo tunapita kulia, Zambia wanapita kushoto, na hatari haiko pale mpakani ambapo kila mtu amekaza macho. Iko baadaye, unapotoka kituo cha mafuta, barabara tupu, akili imetulia, na mkono unakupeleka upande wa nyumbani. Tulifunga utepe mwekundu kwenye kioo cha kushoto cha kila pikipiki, na kila tulipoondoka mahali, aliyekuwa mbele alipaza sauti: kushoto!

Mwendo uliamuliwa na pikipiki ndogo kuliko zote. Hivyo ndivyo kundi linavyopaswa kwenda. Aliyeongoza alikuwa na GS, Yaya nyuma yake kabla ya wengine wote, kisha sisi kwa kupishana, mmoja kulia mmoja kushoto wa njia, na nyuma kabisa Daktari mwenye vifaa na dawa. Shimo likionekana, unatoa mguu upande wake. Mchanga, unapunga kiganja chini. Kilomita 65 au 70 kwa saa, basi. Mwenye Africa Twin aliniambia baadaye kwamba kabla ya siku ile hakuwahi kuuona mji wa Chililabombwe ingawa amepita hapo miaka nenda rudi.

Na kuna ya kuona. Chingola ina shimo la Nchanga, mojawapo ya machimbo makubwa ya wazi duniani, na vilima vya kifusi vinaonekana kabla hujafika mjini. Kitwe ina mgodi wa Nkana. Nyumba za wafanyakazi zimepangwa kwa mistari ileile ya makambi ya Union Minière, na mabibi wanaouza nyanya kando ya barabara wanasema Kibemba ambacho nusu ya kundi letu wamekisikia kwa bibi zao. Mwamba ni mmoja, shaba ni moja. Mstari tu ndio uliopita katikati.

Kabla ya Ndola tuliacha barabara kuu tukafuata njia inayokwenda alipoangukia Dag Hammarskjöld. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege yake aina ya DC-6 ilianguka msituni hapa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikuwa akija Ndola kukutana na Moïse Tshombe, aliyekuwa amekwisha kuitangaza Katanga nchi ya peke yake na kuweka makao Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Watu 16 walikuwa ndani; mmoja tu aliokotwa hai, naye alifariki siku chache baadaye. Chanzo cha ajali kimechunguzwa na kuchunguzwa tena mpaka leo. Mahali penyewe ni pa kimya, misonobari, jiwe la kumbukumbu, jengo dogo la maonyesho. Mmoja wa wazee wetu, aliyekuwa mtoto wakati ule, alisimama muda mrefu. Alisema alikumbuka baba yake akichimba handaki uani, na kwamba hakuwahi kufikiri kwamba mtu aliyekuwa njiani kuja kuvizima vita vile alikufa karibu hivi. Kijana wa wewa hakuwa amelisikia jina hilo kabisa. Alipiga picha maandishi yote, ukuta hadi ukuta.

Baada ya Ndola tuliingia kwenye kazi za barabara. Zambia ilikuwa ikipanua njia ya Lusaka hadi Ndola, kilomita 327, iwe na njia mbili kila upande, na mahali pengi tulitolewa kwenye lami tukapitishwa kwenye vumbi jekundu lenye makorongo. Kwa GS hilo ni jambo dogo. Kwa pikipiki isiyo na shokapu nyuma ni adhabu. Yaya aliendesha akiwa amesimama, magoti yamelegea, na hata hivyo karibu na Kapiri Mposhi alipunga mkono tukasimama sote. "Yaya wangu," akamwambia aliyeongoza, kwa heshima tu maana yeye ndiye mkubwa, "kuko kintu kinagonga."

Kibanio cha ekzosi kilikuwa kimekatika. Mtikisiko ulikuwa umekila mpaka kikaachia. Kapiri Mposhi ni mji wa njia panda: barabara ya kaskazini inayokwenda Tanzania inaanzia hapo, na ndipo reli ya TAZARA inapoishia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Mji wa namna hiyo haukosi fundi. Tulimpata mmoja chini ya mwembe, kijana mwenye mashine ndogo na miwani myeusi, akiunga mageti. Yaya akamsalimu kwa Kibemba, "Mulishani mukwai," akamwonyesha palipokatika. Kijana akaliangalia tangi kwanza, kisha ekzosi, kisha Yaya. Akavua miwani akamkabidhi.

Nilikaa juu ya tofali nikatazama. Yaya hakuunga palepale palipokatika. Alisema pakiungwa hapo patakatika tena kabla ya Kabwe, kwa kuwa chuma kimechoka. Aliomba kipande cha bamba, akakikata pembetatu, akakilaza kwenye kona ili nguvu igawanyike, akakishika kwa nukta mbili, akangoja kipoe, akatikisa, ndipo akauvuta mshono wote kwa mkupuo mmoja mfupi. Kijana alichuchumaa karibu mno, uso umefunikwa kwa kiganja, akichungulia kati ya vidole mpaka Yaya akamkemea alinde macho. Bei ilipoulizwa, kijana alikataa pesa. Alitaka aonyeshwe jinsi shaba ilivyokunjwa ukingoni bila mshono. Yaya alimchorea mchangani kwa kijiti. Tulichelewa, na hakuna aliyelalamika. Natotela, kijana alisema mara kadhaa, na Yaya naye natotela.

Kabwe tulilala, kilomita 65 hivi mbele. Kesho yake tukafika Lusaka mchana, tukapita msongamano wa Great East Road, na jioni tulikuwa shambani.

Sijui nilitegemea nini. Nilikuwa nimeona picha, lakini picha hazitoi sauti. Palikuwa na choppa zenye uma mrefu wa mbele zilizokuja kwa trela kutoka Afrika Kusini. Palikuwa na Honda CB750 za zamani zilizovuliwa kila kisichohitajika, mtindo ulioenezwa na askari wa Marekani waliorudi kutoka vitani wakawa wanakata madigadi na kupunguza uzito. Palikuwa na zile za vijana wa London wa miaka ya 1950, mikono chini, kiti cha mtu mmoja, za kukimbizana kati ya mkahawa na mkahawa. Kundi la Harare lilikuja kupitia Chirundu na Triumph ya zamani ambayo karibu kila skrubu yake ilikuwa imechongwa upya kwa mkono, kwa sababu vipuri havikupatikana miaka mingi ya uchumi mgumu. Hapo ndipo nilipojiona niko nyumbani. Nusu ya pikipiki zile zilizaliwa na pesa, na nusu zilizaliwa na uhitaji, na ukizitazama kwa karibu zile za uhitaji ndizo zilizokuwa na akili zaidi ndani yake.

Kwa ajili ya maonyesho, kila pikipiki ilipewa kadi ya kujaza: jina la aliyeijenga, mji wake, injini. Msichana aliyekuwa akigawa kalamu alimfikia Yaya. Yaya akanigeukia. "Banauliza jina ya nani? Ya patron?" Kabla sijajibu alikuwa amekwisha kumwelekeza msichana kwa Daktari, mwenye mali. Daktari akairudisha kadi. "Yaya, mimi nilinunua chuma kibovu," alisema. "Hii si kazi yangu. Andika lako."

Yaya hakutaka. Alisema kwamba kazini jina linaloandikwa ni la mwenye kazi, ndivyo baba yake alivyokuwa akifanya kazi maisha yake yote, na kwamba kujiandika ni kumvunjia heshima mtu aliyemlipa. Hakuwa akijidai unyenyekevu; ndivyo alivyolelewa. Na mimi nikamweleza jambo ambalo nadhani kila fundi wa kwetu analistahili kulisikia. Sura ya choppa imeenea duniani hasa kwa filamu moja ya Marekani ya mwaka 1969, Easy Rider, na pikipiki yake yenye tangi la bendera ni miongoni mwa zinazojulikana kuliko zote. Waliozibuni na kuzijenga pikipiki zile, huko Los Angeles, walikuwa Wamarekani weusi, Clifford Vaughs na Ben Hardy. Filamu haikuwataja. Dunia nzima iliiga mikono yao kwa miaka mingi bila kujua ni ya nani.

Yaya alisikiliza, kichwa kimeinama. Akauliza kama watu wale walikuwa na watoto. Nikamwambia sijui. Akaichukua kalamu, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa, polepole, mkono uliozoea chaki juu ya chuma. Chini yake akaandika Katuba, Lubumbashi. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, jina la mjomba aliyemfundisha kugonga shaba.

Zawadi kubwa ilikwenda kwa ile Triumph ya Harare, na ilistahili. Ningekuwa mwamuzi ningefanya vilevile. Lakini mwenyewe, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, alikuwa ameutumia mchana mzima mbele ya AG yetu. Hakuwa na neno la Kiswahili, Yaya hakuwa na la Kiingereza, nami nikawa mkalimani wao. Aliuliza joto la moto, unene wa bamba, jinsi ya kujua shaba imeiva bila kuichoma. Yaya alimjibu kila kitu, akamwonyesha kwa mikono. Nilimwuliza baadaye kama haogopi kuigawa siri yake. Alishangaa. Mkono haugawiki, alisema. Mtu anaweza kuchukua maneno tu.

Asubuhi ya kuondoka, mzee wa Harare alikuja na ombi. Alitaka tangi la shaba kwa ajili ya Triumph yake nyingine aliyoiacha nyumbani, na alikuwa na vipimo vyake vyote kwenye daftari. Yaya alivisoma, akatikisa kichwa. Namba zilikuwa nzuri lakini hazitoshi. Akaomba ile Triumph iliyoshinda, maana fremu ni za aina moja, akachana boksi la maji ya chupa, akaanza kulikunja na kulikata juu ya fremu mpaka akapata umbo lililokaa bila kugusa popote panapotikisika. Walikubaliana bei kwa dola, nusu mkononi, nusu tangi likifika kwa basi. Ilikuwa bei ya haki. Niliona Yaya akiitaja mara ya kwanza kwa sauti ndogo, kisha, alipoona mzee hajashtuka, akairudia kwa sauti yake ya kawaida.

Tulipopita Kitwe tukirudi alituomba tusimame kwenye duka la vifaa vya migodi. Alinunua seti ya herufi za chuma, zile za kugonga alama kwenye vyuma, A mpaka Z. Tangi la Harare sasa liko mezani Katuba. Upande wa kulia umekwisha, wa kushoto bado unapashwa na kugongwa, na chini, pale ambapo mpanda pikipiki haoni isipokuwa amelala chali kulitengeneza, jina limekwisha kupigwa. Kijana wa wewa naye anapita pale kila jioni akishamaliza abiria. Anaweka akiba ya kununua TVS nyingine, iliyochakaa, ambayo mwenyewe anataka kuiuza, na Yaya amekwisha kumpa kazi ya kwanza: alete hati zenye namba ya fremu, wazilinganishe, kabla hawajakata chochote.